Mwanza kuna duka la samaki wa maji chumvi? Nakuja wiki moja, nataka na kuuona mji

#1 Raskazone
Wakuu, salama? Mwezi ujao nakuja Mwanza kwenye harusi ya mdogo wangu wa kike. Nimeomba ruhusa kazini wiki nzima. Mimi ni mtu wa Tanga, nina tangi la maji chumvi nyumbani, lita 240, huu mwaka wa sita. Kila mji ninaofika, kabla sijaulizia chakula naulizia duka la samaki wa urembo. Mombasa nimezunguka, Nairobi nimezunguka, Dar ndiyo usiseme. Maduka haya yanakufundisha mji: watu wanatunza nini, maji wanatoa wapi, muuzaji anakuambia ukweli au anakukabidhi samaki mgonjwa akufie njiani.

Swali langu: Mwanza kuna duka lenye samaki wa maji chumvi? Naongelea samaki wa bahari kama kangaja na kipepeo, matumbawe hai, anemoni. Na kama hakuna, kwa nini? Mji mkubwa hivi, wenye watu wanaomjua samaki kuliko karibu mji wowote nchini!

Sehemu za kutembelea pia nipeni. Nina siku nne huru.

#2 Kijana_Mabatini
Karibu Rock City mkuu. Maduka ya samaki wa urembo yapo, ila yote niliyowahi kuingia ni ya maji baridi. Ya chumvi sijaona hata moja, na mji huu nimezaliwa.

#3 Pilipili Manga
Maji baridi tena? Mwanza wanawawekea samaki barafu?

#4 Kijana_Mabatini
Hapana ndugu. Maji baridi ni maji yasiyo na chumvi: ziwa, mto, bwawa. Yanaweza kuwa nyuzi 26 na bado yakaitwa baridi. Ziwa letu lote ni maji baridi, ndiyo maana tunayanywa.

#5 Bwiru94
Namba 2 unakosea. Kuna ukumbi mmoja wa sherehe una tangi kubwa la maji chumvi pale mapokezi. Samaki wa njano, wengine wa bluu mpauko, mawe meupe chini. Nimekaa mbele yake saa nzima nikisubiri bibi harusi.

#6 Raskazone
Bwiru94 asante, hilo ndilo ninalolitafuta. Naomba unisaidie kidogo. Kwenye kingo za juu za kioo kulikuwa na ukoko mweupe wa chumvi? Kulikuwa na skima, ile chupa inayochemka mapovu na kukusanya uchafu wa rangi ya chai? Na majani je, yalikuwepo? Tangi la chumvi maji yake hurukaruka na kukauka, linaacha chumvi kila mahali hata lifutwe namna gani. Mimi nikiingia duka lolote huangalia kingo kwanza, samaki baadaye.

#7 Bwiru94
Majani hayakuwepo. Chupa ya mapovu sikuiona. Ukoko sikuangalia. Ila samaki wa rangi zile hawatoki ziwani, mimi ni mtu wa ziwa.

#8 Fundi Pampu
Hawatoki ziwa hili, lakini wanatoka ziwa. Hao ni samaki wa Ziwa Nyasa, wale wa kwenye miamba. Yule wa njano mtupu ndiye anayewadanganya watu nchi nzima, hata wauzaji wengine humwita samaki wa bahari. Ni maji baridi kabisa. Mawe meupe huwekwa kwa sababu hawa samaki hawapendi maji laini, yaani yenye madini machache.

Tuje kwenye swali la Raskazone. Mimi nafunga na kutengeneza matangi, Mwanza na Musoma. Sababu ni umeme. Mteja wa maji baridi umeme ukikatika kwa muda wa saa nne, anapuliza hewa na pampu ya betri, samaki wanaishi. Nimefunga tangi moja la chumvi maishani mwangu, lita 200, nyumbani kwa mtu. Umeme ulikatika saa tisa usiku, jenereta likakataa kuwaka, na kulipokucha samaki walikuwa juu ya maji wote isipokuwa wawili. Yule mzee hakuniuliza chochote. Alilizima akaweka maua ndani. Hadi leo nikipita nyumba ile roho inaniuma.

#9 Mtoto wa Uvinza
Poleni. Ila chumvi si tatizo, Uvinza kuna chumvi tangu enzi za mababu. Mtu wa Mwanza achukue gunia, achanganye na maji ya bomba, kazi imekwisha.

#10 Mwalimu wa Bayolojia
Namba 9, naomba mtu yeyote asijaribu hilo. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, lakini chumvi ya mezani ni kama gramu 27 tu kati ya hizo. Zilizobaki ni magnesiamu, salfeti, kalisi, potasiamu na vingine. Tumbawe hujenga mifupa yake kwa kalisi; bila kalisi ya kutosha halikui. Hata chumvi ya baharini yenyewe, ile ya mashamba ya Tanga na Bagamoyo, haifai kurudishwa kuwa maji ya bahari. Maji yakikauka juani kalisi hujitenga mapema, na magnesiamu hubaki kwenye yale maji machungu ya mwisho ambayo humwagwa. Unachovuna ni chumvi ya mboga.

Kwa hiyo lazima ununue chumvi maalumu ya matangi. Tangi la lita 200 linameza kilo 7 siku ya kwanza. Ukibadilisha maji asilimia 10 kila wiki, gramu 700 nyingine kila wiki. Piga hesabu ya mwaka.

#11 Mtoto wa Uvinza
Nimeelewa mwalimu. Asante.

#12 Kobe Mkimya
Mimi nasema ni mwinuko. Mwanza iko juu. Samaki wa bahari amezoea usawa wa bahari, ukimpandisha mita elfu na zaidi hewa inamwishia. Ndiyo sababu.

#13 Mwalimu wa Bayolojia
Una sehemu ya ukweli, Kobe, lakini si yote. Ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji baridi ya nyuzi 25 pale pwani hubeba takriban miligramu 8.2 za oksijeni kwa lita. Ukiyatia chumvi kama ya bahari hushuka mpaka 6.7 hivi. Ukiyapandisha Mwanza yanabaki kama 5.9. Samaki anaishi vizuri hapo pampu zikizunguka. Nairobi iko juu zaidi yetu na watu wanafuga samaki wa bahari.

Ila angalia hadithi ya Fundi Pampu. Tangi lenye 5.9 likikatikiwa na umeme linakosa hewa mapema kuliko lenye 8.2. Mwinuko hauui peke yake, unapunguza muda wa kuamka na kukimbilia jenereta.

#14 Fundi Pampu
Mwalimu, hilo la 5.9 sikulijua usiku ule. Ningeweka pampu ya betri tangu siku ya kwanza.

#15 Mama Nansio
Wanangu, mnahesabu chumvi na hewa, mmesahau watu. Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, nimeuza samaki Mwaloni Kirumba miaka mingi. Huku kwetu samaki akiingia nyumbani anaingia jikoni. Mtoto akimwona sato ndani ya kioo atauliza atakaangwa lini. Kumlisha samaki ili umtazame tu, nani atakuelewa? Hakuna duka kwa sababu hakuna wa kununua.

#16 Raskazone
Shikamoo mama. Nakuheshimu, lakini Tanga nako tunakula samaki asubuhi na jioni. Jirani yangu anavua tafi na changu, na jioni anakuja kukaa mbele ya tangi langu mpaka mkewe amwite. Mtu anaweza kumpenda samaki kwa namna mbili.

#17 Mama Nansio
Marahaba mwanangu. Basi nijibu: maji ya tangi lako unayatoa wapi?

#18 Raskazone
Baharini, mama. Naenda na madumu manne maji yakijaa, nayachuja, nayaacha yatulie.

#19 Mama Nansio
Umeona? Wewe unachota bure. Mtu wa Mwanza atachota wapi?

#20 Jaduong wa Dunga
Habari zenu kutoka Kisumu. Hata sisi huku ni vilevile. Kwa duka utapata samaki wa maji baridi, lakini wa bahari wengi hufuata Nairobi ama Mombasa. Kenya wapiga mbizi wa pwani wamekuwa wakinasa samaki wa mapambo kwa miongo kadhaa na kuwauza ng'ambo. Kwa hivyo samaki yuko. Mimi naona shida ni njia: samaki akitoka Shimoni anapitia Nairobi, na kutoka Nairobi ni rahisi apande ndege ya Ulaya kuliko ateremke huku ziwani. Soko lilijengwa likiangalia nje.

#21 Kijana_Mabatini
Jaduong umenikumbusha. Jamaa yangu aliwahi kuleta samaki wawili kwa basi kutoka Dar, zaidi ya kilomita 1,100. Ndani ya boksi la foamu nyeupe, mifuko miwili miwili, oksijeni imejazwa, na hakuwalisha siku mbili kabla ili wasichafue maji. Walifika hai. Dumu la lita 20 la maji ya bahari ndilo lililozua ugomvi. Kondakta alidhani ni mafuta, akataka lishuke Morogoro. Jamaa akafungua, akamwonjesha. Likapita.

#22 Pilipili Manga
Kondakta kuonjeshwa maji ya bahari Morogoro, hiyo safari ningelipa nauli niione.

#23 Bwiru94
Wakuu mnazunguka, mgeni aliuliza pia sehemu za kutembelea. Raskazone, siku ya kwanza nenda Saanane. Boti unapandia Capri Point, ni dakika chache tu. Ilikuwa bustani ya wanyama ya kwanza nchini, mwaka 1964, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa kamili, ndani ya jiji. Jina ni la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi pale. Kaa juu ya majabali utazame mijusi: dume lina kichwa na mabega ya waridi iliyokolea, mwili wa bluu. Wewe mpenda samaki wa bahari utadhani kangaja kapanda mwamba.

Jiwe la Bismarck liko karibu na kivuko cha Kamanga, limeitwa kwa jina la yule chansela wa Ujerumani. Nenda jioni, jua likizama nyuma yake.

#24 Nyakahoja
Nakazia na Bujora, pale Kisesa. Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, Mkanada. Kuna ngoma za watemi na jengo lenye umbo la kiti cha enzi. Ukibahatika kuja Juni utakuta sikukuu ya Bulabo, makundi ya Bagika na Bagalu wakishindana kucheza, wengine na chatu mkononi. Na panda gari mpaka Kigongo uvuke Daraja la J.P. Magufuli kwenda Busisi, kilomita 3 juu ya maji. Lilifunguliwa Juni 2025. Sisi tuliokuwa tukisubiri kivuko pale kwa saa nyingi na mgonjwa ndani ya gari, tunajua maana yake.

#25 Mwalimu wa Bayolojia
Sasa niseme lililonileta kwenye uzi huu. Raskazone, unakuja kutafuta samaki wa rangi kutoka bahari iliyo mbali, na utasimama juu ya samaki wa rangi bila kuwaona. Furu.

Ziwa hili lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu. Dume la aina zinazokaa kwenye miamba lina nyekundu, bluu, njano, milia myeusi. Jike hutunza mayai na vitoto ndani ya mdomo wake. Kuna mmoja, mgongo mwekundu, ubavu wa njano na milia, watafiti wa Kiholanzi waliokuwa wakifanya kazi hapa kwenye Ghuba ya Mwanza walimpa jina mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Leo anaitwa Pundamilia nyererei. Ndiyo, jina la kwanza ni neno letu. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wanamzalisha kwenye matangi yao na kujivunia. Mimi nimefundisha Mwanza miaka 19 na sijaona darasa hata moja lenye kioo chenye furu. Hilo linaniuma kuliko kukosekana kwa kangaja.

#26 Jaduong wa Dunga
Huku tunawaita fulu. Na sangara ni mbuta, dagaa ni omena, sato ni ngege. Samaki wale wale.

#27 Kobe Mkimya
Furu si waliisha? Sangara alipoletwa mwaka 1980 akawala wote.

#28 Mwalimu wa Bayolojia
Mwaka umekosea. Sangara aliingizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akitolewa Ziwa Albert na Turkana. Alikaa kimya muda mrefu. Huku kwetu aliongezeka ghafla miaka ya 1980, ndipo furu wakatoweka kwa mamia ya aina. Na hawakuisha wote. Wale wa kwenye miamba wengi walipona kwa sababu sangara haingii kwenye nyufa.

#29 Nahodha wa Zamani
Mimi nilivua miaka hiyo. Sangara alikula, sikatai. Lakini kokoro, nyavu za kukokota, nazo zilikuwa zinafagia chini kabisa, mpaka vifaranga. Tukikokota tunaona ziwa linavyochoka. Msimbebeshe samaki mmoja dhambi za watu.

#30 Fundi Pampu
Na tope je? Maji ya zamani wazee wanasema uliona jiwe chini. Siku hizi mbolea, maji taka, miti imekatwa, ziwa la kijani.

#31 Mwalimu wa Bayolojia
Fundi, hapo pana jambo la ajabu. Furu jike huchagua dume kwa rangi. Watafiti walionyesha mwaka 1997 kwamba maji yakichafuka, rangi hazionekani, jike hukosea, na aina mbili huchanganyika zikawa moja. Hakuna aliyeliwa, hakuna aliyevuliwa, lakini aina imepotea.

#32 Nahodha wa Zamani
Hilo sikulijua. Lakini kokoro nilizishika kwa mikono yangu mwalimu, mimi nabaki pale pale.

#33 Mama Nansio
Na bado mnawaongelea kama wamekufa. Furu wapo, tunawakausha na watoto wanavulia chambo. Njoo asubuhi nikuonyeshe kwenye beseni.

#34 Raskazone
Nimesoma yote mara mbili. Mwalimu, umenigeuza. Nikija na miwani ya kuzamia, nizame wapi niwaone wakiwa hai?

#35 Dada wa Zahanati
USIZAME OVYO. Kichocho kipo kando ya ziwa, kinatokana na konokono wa majini, na vijidudu vinapenya ngozi ndani ya dakika chache. Mamba wapo pia sehemu nyingine. Wakuu mnampeleka mgeni kwenye maji bila kumwambia. Tazama ukiwa juu ya jabali au ndani ya mtumbwi, na vaa jaketi okozi. Ukigusa maji, baadaye nenda kapime, dawa ipo na inatibu.

#36 Fundi Pampu
Hata majani ya ziwani msiyatie kwenye tangi, konokono wanakuja nayo. Dada yuko sahihi.

#37 Raskazone
Mrejesho wakuu. Nimerudi Tanga juzi. Harusi ilikwenda salama, tunamshukuru Mungu.

Maduka niliyoyapata ni matatu, yote maji baridi. Moja lilinifurahisha: kijana mmoja ndani ya chumba kidogo, maji yake safi, samaki wote wanakula. Nilipomuuliza kuhusu chumvi alinitolea daftari, ameandika bei ya kila kitu kwa tangi moja dogo la maji chumvi, mpaka chumvi ya mwaka mzima. Kurasa nne. Kila mwaka anaanza kuweka fedha, kisha ada ya shule inafika. Kwake yeye sababu si umeme wala mwinuko, ni mtaji. Niliondoka na namba yake na nimemwahidi kipima chumvi changu cha zamani.

Sherehe ya harusi ilikuwa ukumbi ule ule wa Bwiru94! Nilikuwa na kipima chumvi mfukoni. Nilimwomba msimamizi tone moja la maji. Sifuri.

Siku ya tatu nilikwenda Saanane asubuhi, upepo umelala. Nililala kifudifudi juu ya jabali karibu saa nzima, kivuli changu kisianguke majini. Wakatoka. Kwanza vitu vya kijivu, nikadhani ni majike tu. Kisha mmoja akageuka kwenye mwanga, mgongo umewaka mwekundu, akamfukuza mwenzake, akarudi kwenye ufa wake. Miaka sita nimetazama samaki nyuma ya kioo, na sikumbuki lini mara ya mwisho mikono ilinitetemeka.

#38 Bwiru94
Hongera kwa harusi. Ila miye nilikaa mbele ya tangi lile mwaka juzi. Maji yanabadilishwa, samaki wanabadilishwa. Huenda lilikuwa la chumvi, likawashinda.

#39 Fundi Pampu
Bwiru, samaki wa njano ni wa Nyasa. Kubali tu ndugu yangu.

#40 Bwiru94
Nitakubali nikipata picha ya mwaka juzi. Shangazi yangu anayo kwenye simu.

#41 Mwalimu wa Bayolojia
Raskazone, yule mwekundu alikuwa na milia myeusi ubavuni? Na alikuwa kina kipi? Wale wa bluu hukaa karibu na juu, wekundu hupenda chini kidogo.

#42 Raskazone
Milia ilikuwepo mwalimu, sina hakika ni mingapi. Kina kama urefu wa mkono wangu mara mbili. Juu yake kulikuwa na wengine weusiweusi wenye bluu, sikuwatilia maanani wakati ule.

#43 Mwalimu wa Bayolojia
Rudi ukawatazame hao.

#44 Mama Nansio
Akirudi apitie kwangu Kirumba. Safari hii hakuja, nilimwekea furu beseni zima.